Dakika Nne za Kupoza Tabo

Fundi Konokono alikishika kile kijiti cha katikati ya tabo ya gari kwa vidole viwili akakitikisa. Kikacheza huku na huku. Hakikutakiwa kucheza hata unywele mmoja. Akaniangalia kwa yale macho anayomkazia mtu anayekaribia kupewa habari mbaya.

"Mkuu, hii ilishakufa kitambo."

"Kitambo lini?"

"Miaka miwili, labda mitatu. Ona bomba la kurudisha oili, limeziba lote, ndani ni mkaa mtupu. Hata mngekaa mnaipoza wiki nzima, mlikuwa mnajisumbua bure."

Nikasema sawa. Nikaomba maji, nikanywa, nikarudi kusimama palepale kwenye benchi lake. Konokono anatengeneza tabo, basi, hana kazi nyingine duniani. Jina la utani alipewa kwa sababu tabo ina umbo la konokono, na kwa sababu hajawahi kumaliza kazi siku aliyoahidi. Alikuwa anangoja nishtuke, au nitukane, au hata nicheke. Sikuhisi kitu. Nilikuwa namwangalia tu anavyofuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko hiyo mikono.

Acha nieleze vizuri, maana kuna watu wamekwisha kunitangaza kwamba mimi nina moyo wa jiwe.

Gari lilikuwa la Baba. La zamani, milango miwili, rangi ya kijivu, limenizidi umri kwa miaka miwili na Mzee hakuacha kunikumbusha hilo. Yeye alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Alilinunua likiwa bovu, likiwa na tabo, wakati ambapo wenzake walikuwa wananunua magari ya kubebea mizigo, wakiwa na akili zao timamu. Mimi nilikuwa mpokeza vifaa wake tangu sijaota meno ya mbele, na kwa kuwa kila siku nilikuwa naipoteza spana namba kumi, akaniita Kumi. Mimi ni mtu mzima sasa, nina mke, nina kazi ya kutengeneza mashine za kiwanda, na dada yangu bado ananiita Kumi mbele za watu.

Sasa, tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye kijiti kimoja. Moshi wa injini unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini, gari linapata nguvu ambayo halikuzaliwa nayo. Ukilikimbiza, ile tabo inawaka kwa moto. Kinachoilinda ni oili inayopita katikati yake, na oili inapita injini ikiwa inaunguruma. Ukizima ghafla oili inasimama, inaungulia humohumo. Kwa hiyo ukifika ukitoka mbio, unakaa. Injini inaunguruma polepole, wewe umekaa, unangoja ipoe ndipo uzime.

Kwa Baba, dakika nne. Alikuwa hana haja ya saa, alikuwa anahesabu: mia mbili na arobaini, kwa mdomo, midomo inacheza. Na mlango haufunguliwi. Siku ya harusi ya Dada yeye ndiye aliyempeleka bibi harusi. Alikuwa amechelewa, akaja kasi. Watu wamejipanga nje, vigelegele vimeanza, na bibi harusi yuko ndani ya gari jasho linamchuruzika. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Dada akasema, "Baba, hata leo?" Mzee akamjibu, "Hata leo," akaendelea na sabini na moja, sabini na mbili. Vigelegele vikachoka vikanyamaza. Tulicheka sana kwa jambo hilo, miaka na miaka.

Mimi mchango wangu kwenye gari lile ulikuwa mmoja tu wakati wa uhai wake. Mwaka mmoja kabla hajaondoka nilimfungia ekzosi mpya, pana, imenyooka, isiyo na kitu cha kuzuia sauti. Nilitaka lisikike. Likasikika! Mtaa mzima ulijua Mzee katoka na Mzee karudi. Alinung'unika wiki moja, kisha nikamkuta analiwasha bila sababu.

Siku yenyewe aliyoondoka, ilikuwa alasiri. Dada alikuwa amekuja kututembelea, mama yetu alishafariki zamani, na sisi watatu ndio tulikuwa familia iliyobaki ya kugombana. Mzee alikuwa uani anasafisha plagi. Akakaa chini. Akasema kifua kimebanwa, kwa sauti ya mtu anayelalamikia nati iliyoshika kutu. Tukamlaza kiti cha nyuma, Dada akampakata kichwa, nikaendesha.

Niliendesha jinsi sijawahi kuendesha. Kwenye kilima cha tangi la maji geji ya joto ilienda mpaka kwenye nyekundu, na kutoka nyuma nikasikia sauti ya Mzee, nyembamba, inasema, "Gia ya tatu, Kumi." Nikaweka ya tatu. Alikuwa sahihi. Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, na kama mtu anataka kunicheka anicheke.

Tulipofika hospitali, wahudumu wawili walikuja na kitanda cha magurudumu, wakamchukua. Dada akaenda nao akiwa ameshika viatu vya Baba mkononi. Mlinzi akanipigia kelele nisogeze gari, nimeziba njia. Nikasogeza, hatua kama ishirini, nikaliweka ubavuni mwa jengo, kwenye ukuta wenye madirisha. Hapo nilikuwa nimeshafika. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya isipokuwa kuzima na kukimbia.

Nikashika ufunguo. Mkono ukakataa.

Sikusahau kwamba Baba yuko ndani. Wala sikuwa naogopa. Niliona wazi kabisa kwamba Mzee akitoka mle, kitu cha kwanza atakachoniuliza ni kama niliipoza. Nilijua atauliza. Nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Mlinzi akaja dirishani akauliza mbona sizimi, nikamwambia inapoa. Akaniangalia kama mwendawazimu akaenda zake. Nikafika mia. Nikafika mia mbili. Nikafika mia mbili na arobaini, nikazima, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaingia.

Dada alikuwa amesimama ukumbini, viatu bado viko mkononi.

"Ameondoka sasa hivi," akasema.

Nikamuuliza, "Sasa hivi lini?" Swali la kijinga, lakini ndilo nililouliza.

Msibani watu walijaa, na baba mdogo, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza mbele ya wote: "Na wewe ulikuwa wapi mzee wako anakata roho?" Nikajibu, "Nilikuwa natafuta pa kuegesha." Likatoka laini, limenyooka, kana kwamba nimelifanyia mazoezi. Dada alikuwa anamimina chai. Akainua macho, akaniangalia, akaendelea kumimina. Tangu hapo nikabaki na uongo ule. Kumwambia mke wangu sikuweza, na kumwambia Dada ndiyo kabisa. Nitamwambiaje? Kwamba Baba anakufa, wewe uko peke yako, mimi niko nje nahesabu?

Sikulia. Wiki iliyofuata nikalipandisha gari juu ya mawe nikaanza kulifungua.

Kwa nini, sijui. Mke wangu alisema ni huzuni, akaniachia uwanja. Nilifungua kila kilichofungwa. Niliondoa rejeta, mabomba, gasketi zilizokauka, klachi, breki zote nne. Kila bolti niliiweka kwenye kopo lenye karatasi ya jina. Kazi nyingine zote nilizifanya kwa namna ambayo Mzee angeikataza: pampu kubwa ya mafuta, mipira mipya ya hewa, kipoza hewa kipana kule mbele nyuma ya bampa. Nilipokwangua kutu nilikwangua kutu. Nilipokula nilikula. Mke wangu akasema siku moja, "Unaongea na hilo gari kuliko mimi." Ningekuwa naongea nalo ningekuwa na nafuu. Nilikuwa sisemi na mtu wala kitu.

Ndipo nikaipeleka tabo kwa Konokono, na Konokono akasema yale maneno. Mlikuwa mnajisumbua bure. Tabo ile ilikuwa maiti tangu kabla sijafunga ekzosi. Dakika zangu nne hazikuokoa kitu chochote katika dunia hii.

"Nikuwekee hii," Konokono akaniambia, akanionyesha nyingine, mpya, inang'aa. "Hii ina njia ya maji. Ukizima, maji yanaendelea kuipoza yenyewe. Ule ukaaji wa Mzee wako sasa basi, mkuu. Unazima, unashuka, unakwenda kula."

"Weka," nikamwambia. Akaahidi siku tatu. Ikawa wiki tano.

Viti alivichukua Dada. Yeye ni fundi wa viti vya magari na makochi, ana chumba chake chenye cherehani mbili za kushonea ngozi na vumbi la sponji mpaka kwenye nyusi. Alivifungua mwenyewe, akavipakia mwenyewe. Viti vya mbele aliwapa wasaidizi wake, cha nyuma akakataa kisiguswe na mtu. Kila nikipita kuuliza, ananiambia bado. Miezi minane, kiti kimoja! Nikamtania kwamba ameambukizwa na Konokono. Hakucheka. Zamani ningeitwa Kumi na kurushiwa kipande cha sponji.

Jumamosi moja asubuhi akaja na viti vyote kwenye kigari cha jirani yake. Tukavifunga pamoja uani, yeye akiwa amelala ubavu ndani ya gari, mimi nimeinama nje. Kazi nzuri, lazima niseme. Ngozi nyeusi, uzi wa kijivu, mshono umenyooka.

"Nipe namba kumi," akasema.

Nikatafuta. Kwenye sanduku, chini ya jeki, mifukoni.

"Usiniambie!"

"Ilikuwa hapa sasa hivi."

"Miaka thelathini ilikuwa hapa sasa hivi." Kidogo tu, pembe ya mdomo wake ikataka kucheka. Nikaipata chini ya boneti, juu ya betri. Akakaza bolti ya mwisho, akatoka, akajipangusa magoti.

"Haya. Twende tukalijaribu," akasema. "Mimi na wewe tu. Njia ileile ya siku ile, mpaka palepale."

"Dada, kuna njia nzuri zaidi za kujaribu gari."

"Nimekushonea viti vyote hivi, Kumi. Sijakuomba kitu."

Nikaliwasha. Yeye akaingia nyuma, upande uleule aliokaa siku ile, mikono ameiweka mapajani. Nikaona kwenye kioo kwamba ameacha nafasi pembeni yake, ya mtu kulala.

Barabarani gari lilikuwa jipya kabisa. Nawaambia ukweli, Mzee mwenyewe angenyamaza. Kwenye kilima cha tangi la maji nikakanyaga, tabo ikaanza kupiga mluzi, geji yake ikapanda bila kutetemeka na kubaki pale ilipotakiwa kubaki. Kifua kikasukumwa nyuma kwenye kiti. Ekzosi yangu ikapiga kelele mpaka watu wa pembeni ya barabara wakageuka. Hicho ndicho nilichokifanyia kazi miezi minane, nami nikaangalia joto la oili, nikaona liko sawa, nikaweka gia ya tatu. Nyuma hakuna aliyesema neno.

Nikaingia getini. Nilidhani ataniambia nigeuze. Nikaenda ubavuni mwa jengo, kwenye ukuta uleule, nikasimama. Nikashika ufunguo, na mkono ukafanya kama ulivyofanya siku ile. Ina njia ya maji, nikajikumbusha. Haina haja. Moja, mbili, tatu.

Ekzosi inanguruma. Kwenye kioo Dada ananiangalia.

"Umefika ngapi?" akauliza, kwa sauti kubwa ili aishinde injini.

"Thelathini na tano," nikajibu, kabla sijajua nimejibu nini.

Akatikisa kichwa taratibu. Nikahisi aibu. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichohisi kwa muda mrefu, na hakikuwa kizuri.

"Dada," nikasema. "Siku ile sikuwa natafuta pa kuegesha."

"Najua."

"Nilikuwa hapa. Nimekaa tu. Nilikuwa—"

"Najua, Kumi. Angalia juu. Dirisha la tatu."

Nikainama nikaangalia juu kupitia kioo cha mbele. Dirisha la tatu lilikuwa wazi, lina nondo na wavu wa mbu, na halikuwa mbali. Ukisimama juu ya boneti ungeligusa kwa ufagio.

"Kitanda chake kilikuwa hapo," akasema. "Walimweka hapo moja kwa moja. Tulikuwa tunalisikia gari. Mimi, yeye, wale wauguzi. Muuguzi mmoja aliuliza ni nani huyo anayepiga kelele hospitalini."

Sikuweza kugeuka. Nikabaki na yule wa kwenye kioo.

"Nilikuchukia," akasema. "Sikufichi. Uliposema uongo msibani nilitaka kukumwagia ile chai. Nikasema basi, nitangoja aseme mwenyewe. Nikawa nashona na kufumua kile kiti, nashona na kufumua, nakungoja. Wewe unakuja kunitania habari za Konokono!"

"Alisema kitu?" nikauliza. "Baba?"

Injini inaunguruma, na mimi, Mungu anisamehe, kichwani nilikuwa naendelea kuhesabu. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu.

"Aliuliza uko wapi. Nikamwambia uko nje, unapoza gari. Nilidhani atafurahi. Nilidhani ndicho kitu alichotaka kusikia." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Akaniangalia. Akasema, 'Hata leo?'"

Hamsini na nane.

"Kisha akasema, 'Mwambie Kumi azime.' Alikuwa amenikamata kidole, sikuweza kutoka. Nikakuita kutoka hapo dirishani. Nilikuita mara tatu, Kumi. Zima, zima, nilipiga kelele mpaka muuguzi akanishika bega. Ile ekzosi yako! Hukusikia."

Nikageuza ufunguo.

Injini ikakata. Tabo ikaendelea kuzunguka yenyewe kidogo, mluzi mwembamba unashuka, unashuka, ukaisha. Halafu kutoka dirisha la tatu nikamsikia mtu anakohoa. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Nikamsikia muuguzi akimwambia mgonjwa ajigeuze upande wa ukutani, na mgonjwa akijibu kwamba upande huo unamuuma. Kila neno lilikuwa linafika, bila shida yoyote, mpaka ndani ya gari.

Nikaweka kichwa kwenye usukani. Nililia vibaya, kwa sauti, kwa makamasi, jinsi nilivyotakiwa kulia siku ile. Dada alisogea mbele kati ya viti, akaniwekea mkono mgongoni, mkono mzito wa mtu anayevuta ngozi siku nzima, akauacha hapo.

Mlinzi akaja. Sijui kama alikuwa yuleyule, sikuinua uso. Akagonga kioo, akauliza kama gari limeharibika, asaidie kusukuma.

"Halijaharibika," Dada akamwambia. "Tumelizima tu."